Mtoto Anaugua, Mzazi Anauguliwa: Nusu Karne ya Nyumba ya Philadelphia

Kiswahili kinatenganisha mambo mawili ambayo hospitali nyingi duniani zimeyachanganya, au zimelisahau moja kabisa. Mtoto anaugua, mzazi wake anauguliwa. Mzizi ni mmoja, lakini kitenzi cha pili kinasema kwamba ugonjwa ulioingia katika mwili wa mtu mmoja umemfika na mwingine, ambaye hana homa, hapimwi damu, wala jina lake halimo kwenye faili. Akishakaa kando ya kitanda, huyo anayeuguliwa humuuguza mgonjwa wake, na kabla muuguzi hajawa mtu mwenye sare, cheti na zamu, neno lenyewe lilikuwa la jamaa: mama, shangazi, bibi aliyekesha. Hospitali ya kisasa ilijengwa juu ya kitenzi cha kwanza tu. Tarehe 15 Oktoba 1974, katika Mtaa wa Spruce mjini Philadelphia, Marekani, ilifunguliwa nyumba ya kulala wageni yenye vyumba saba, na wageni wake wote walikuwa watu wanaouguliwa. Mwaka 2024 nyumba hiyo ilitimiza miaka hamsini, na kama ilivyo kawaida ya sherehe, historia yake ilisimuliwa kama historia ya ukarimu. Nadhani simulizi hiyo inaipunja. Ninavyoisoma mimi, ni historia ya tiba: kitanda cha mzazi ni sehemu ya dozi ya mtoto, na anayekihesabu kuwa sadaka amekiweka kwenye daftari lisilo lake.

Ili kuona jinsi jambo hilo lilivyokuwa gumu kukubalika, inafaa kukumbuka wodi za watoto zilikuwaje. Hospitali ya Great Ormond Street ilifunguliwa London mwaka 1852, na hospitali ya watoto ya Philadelphia, ya kwanza ya aina yake Marekani, mwaka 1855. Kwa karibu miaka mia moja iliyofuata, mzazi katika hospitali za namna hiyo alikuwa mtu wa kuzuiwa mlangoni. Hospitali nyingi za Uingereza ziliruhusu ziara za saa moja au mbili kwa wiki, nyingine hata hizo hazikuwapo. Sababu zilitolewa, na si zote zilikuwa za kipuuzi: wageni huleta vijidudu, na kabla ya viuavijasumu kijidudu kimoja kingeweza kumaliza wodi. Lakini sababu iliyodumu kuliko zote ilikuwa ya utulivu. Mtoto alilia mama alipoondoka, akalia siku mbili tatu, kisha akanyamaza, na ukimya huo ukaandikwa kuwa amezoea. Mtafiti James Robertson alipotengeneza filamu mwaka 1952 kuhusu binti wa miaka miwili aliyelazwa bila wazazi, alionyesha kwamba ukimya huo ulikuwa kukata tamaa, na madaktari wengi walioiona walikasirika. Mwaka 1959 ripoti ya kamati ya Platt iliishauri serikali ya Uingereza iwafungulie wazazi milango. Lakini ruhusa ya kuingia saa yoyote haimpi mzazi pa kujilaza usiku, wala jiko, wala bafu. Hilo lilibaki shauri lake.

Daktari Audrey Evans alizaliwa York, Uingereza, mwaka 1925, akasomea udaktari Edinburgh, kisha akavuka Atlantiki. Mwaka 1969 aliitwa Philadelphia na mpasuaji C. Everett Koop kuongoza kitengo cha saratani za watoto. Katika taaluma yake anakumbukwa kwa utaratibu wa kupanga hatua za nyuroblastoma, saratani ya mishipa ya fahamu inayowapata watoto wadogo, alioutangaza mwaka 1971 na ambao uliwawezesha madaktari kujua ni mtoto gani anahitaji dawa kali na yupi zingemuumiza bure. Nyumba aliyoifikiria ilitokana na mabadiliko yaleyale ya kitabibu, na hapa ndipo wasimuliaji wengi wanapopita haraka. Katika miaka ya 1940 mtoto mwenye saratani kali ya damu alikufa baada ya wiki au miezi michache. Mzazi alikuja hospitali kuaga. Kisha dawa zikaanza kufanya kazi. Huko Memphis, katika hospitali ya St. Jude iliyofunguliwa mwaka 1962, Donald Pinkel na wenzake walichanganya dawa kadhaa pamoja na mionzi, na kuelekea mwisho wa muongo huo karibu nusu ya watoto waliowatibu walikuwa wanapona. Gharama ya kupona huko ilikuwa muda: miaka miwili hadi mitatu ya matibabu, wiki za kulazwa, kisha safari za kliniki zisizoisha. Kifo kilikuwa kimehitaji mzazi kwa wiki chache; uponyaji ulimhitaji kwa miaka. Kwa hiyo wazazi waliokuwa wakilala ndani ya magari, kwenye viti vya korido na kula vitafunio vya mashine hawakuwa mabaki ya umaskini wa kale. Walikuwa zao la mafanikio ya sayansi, na wangeendelea kuongezeka kadiri sayansi ilivyofanikiwa.

Fedha zilikuja kwa njia ambayo hakuna mpangaji wa sera angeibuni. Fred Hill, mchezaji wa timu ya mpira wa Kimarekani ya Philadelphia Eagles, aliuguliwa na binti yake mdogo, aliyegundulika kuwa na saratani ya damu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Yeye na mkewe walipitia maisha ya korido kama wengine, wakiwaona wazazi waliotoka mbali zaidi yao na wasio na pa kwenda. Wachezaji wenzake na mwenye timu, Leonard Tose, walianza kuchangisha kwa ajili ya hospitali. Meneja mkuu wa timu, Jim Murray, alipomwuliza Evans anahitaji nini zaidi, daktari alisema anataka nyumba. Murray akatafuta mfadhili kupitia watu wa matangazo ya biashara, wakamfikia Ed Rensi, meneja wa kanda wa kampuni ya vyakula ya McDonald's. Ilikuwa msimu wa sikukuu ya Mtakatifu Patrick, na kampuni ilikuwa ikiuza kinywaji cha maziwa baridi cha rangi ya kijani. Wazo la mwanzo lilikuwa kutoa sehemu ya bei ya kila kikombe. Rensi akauliza: wakitoa fedha yote, nyumba itaweza kuitwa kwa jina la Ronald McDonald, yule mchekeshaji wa nywele nyekundu wa matangazo yao? Murray alikubali, na hivyo ndivyo nyumba ya watu wenye huzuni ilivyopewa jina la mchekeshaji.

Cha kuangaliwa zaidi ni mpango wa nyumba yenyewe, kwa sababu ulikuwa na fikra ndani yake. Haikujengwa kama bweni wala kama tawi la hospitali. Ilikuwa nyumba ya kawaida, karibu kiasi cha kwenda kwa miguu, yenye vyumba vya familia na jiko la pamoja. Mwenye uwezo alilipa kiasi kidogo kwa usiku. Asiye nacho hakurudishwa. Jiko lilifanya kazi ambayo daktari hawezi. Mama aliyefika juzi akiwa hajui hata jina la ugonjwa alikaa meza moja na mama wa mwaka wa pili, akaambiwa kwamba nywele zitaota tena, kwamba siku ya tatu baada ya dripu ndiyo mbaya, kwamba homa yoyote usiku ni ya kukimbizwa wala si ya kungoja asubuhi. Onyo hilo la mwisho pekee huokoa maisha, maana mtoto ambaye dawa zimemaliza chembe zake nyeupe za damu anaweza kufa kwa maambukizi ndani ya saa chache. Evans anakumbukwa kwa kusema kuwa familia yenye mtoto mgonjwa si familia mgonjwa. Wapo watakaoona kauli hiyo inapingana na nilichokisema juu ya ugonjwa kumfika mzazi. Mimi naona inakubaliana na Kiswahili moja kwa moja: kuuguliwa si kuugua. Anayeuguliwa ana nguvu zake, ana akili zake, anaweza kupika, kufua, kumsomesha mtoto wa pili. Anachokosa ni mahali pa kuyafanyia hayo. Hospitali ikimpa mahali, inapata mfanyakazi makini kuliko wote. Isipompa, itampokea mchana akiwa hoi.

Nyumba ya pili ilifunguliwa Chicago mwaka 1977, nayo ikasukumwa na wazazi na daktari wao. Kabla muongo haujaisha zilikuwa zimefuata nyingine, mwaka 1981 zikafika Toronto na Sydney, mwaka 1985 Amsterdam. Ray Kroc, aliyeikuza McDonald's kuwa kampuni ya dunia, alifariki Januari 1984, na mwaka huo shirika la kitaifa likaundwa kwa kumbukumbu yake. Leo nyumba ni zaidi ya 380, na shirika hilo linafanya kazi katika nchi na maeneo zaidi ya 60. Evans alifariki Septemba 2022 akiwa na miaka 97, akiwa ameona wazo lake likizeeka kwa heshima. Utaratibu wa kukua huko ni muhimu kuliko idadi: kila tawi lina bodi yake ya watu wa mji huo, linachangisha lenyewe, na linaambatana na hospitali maalumu iliyo karibu. Ndiyo maana nyumba hizo hazifanani, na ndiyo maana nyingi zimedumu.

Pingamizi la kwanza ni la jina, na halistahili kupuuzwa. Kampuni inayouza chipsi na soda kwa watoto, na inayolaumiwa kwa unene unaowaletea kisukari, imebandika mchekeshaji wake kwenye mlango wa nyumba ya watoto wagonjwa. Mwaka 2013 mwanasheria Michele Simon alichapisha ripoti iliyodai kwamba mchango wa kampuni kwa shirika la nyumba hizo ulikuwa takriban sehemu moja ya tano tu ya mapato yake, na kwamba matawi mengi yalipata chini ya hapo. Sehemu kubwa ilitoka kwa wafadhili wengine na kwa wateja wanaotumbukiza sarafu kwenye visanduku vya kaunta. Watetezi hujibu kwamba mzazi aliyepata kitanda hajali jina la kitanda. Jibu hilo ni jepesi mno. Jina ni mali, na lilinunuliwa kwa bei nafuu kuliko thamani yake. Fedha ya vikombe vya kijani vya msimu mmoja imekuwa ikilipwa fadhila kwa miaka hamsini. Lakini takwimu za Simon, zikisomwa vizuri, zinaitetea nyumba kuliko zinavyoitetea kampuni. Zinaonyesha kwamba waliozijenga nyumba hizo hasa ni watu wa miji ile, kwa sarafu, kwa saa za kujitolea na kwa sufuria za chakula cha jioni. Kampuni ikijitoa kesho, hoja ya kitabibu haitapungua hata kidogo. Anayeanzisha nyumba kama hiyo leo ana haki ya kujadiliana bei ya jina kwa ukali kuliko Murray alivyofanya.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na ndilo linalotolewa mara nyingi katika nchi maskini: kabla ya vitanda vya wazazi, nunueni dawa. Linaonekana la busara mpaka mtu aangalie saratani ya damu ya watoto inavyotibiwa. Baada ya wiki nne hadi sita za mwanzo, mambo yakienda vizuri, mtoto anaonekana amepona. Mashavu yamejaa, anakimbia, damu yake kwenye hadubini haina chembe mbaya. Kumbe zimebaki nyingi zilizojificha, na bila miaka miwili ya dawa za kuendeleza zitarudi zikiwa sugu. Sasa mweke mama katika hesabu hiyo. Nyumbani ana watoto wengine watatu, shamba linangoja palizi, nauli ya kurudi mjini imekopwa mara mbili, na mjini hana pa kulala. Mtoto mbele yake ni mzima. Kumwita mama huyo mzembe akirudi kijijini ni kumwonea; amefanya hesabu sahihi kwa takwimu alizopewa. Ila dawa zote zilizokwisha kutumika zimemwagika mchangani. Kwa hiyo swali halikuwa dawa au kitanda. Dawa bila kitanda ndiyo ubadhirifu.

Ushahidi ninaouona mzito kuliko mwingine ulitoka Recife, kaskazini-mashariki mwa Brazili, ukachapishwa mwaka 2004. Katika miaka ya 1980, hospitali ya watoto ya huko iliwapoteza asilimia 16 ya watoto wenye saratani ya damu kwa kuacha matibabu katikati. Kisha, kwa ushirikiano na St. Jude, ikajenga mpango mzima: kitengo maalumu, wauguzi waliofunzwa, daktari wa usiku na mchana, na pamoja na hayo malazi, nauli na chakula kwa familia. Kati ya 1997 na 2002 walioacha matibabu hawakufika asilimia moja, na waliokuwa hai miaka mitano baadaye bila ugonjwa kurudi walipanda kutoka asilimia 32 hadi 63. Msomaji makini atasema mambo mengi yalibadilishwa kwa pamoja, hivyo malazi hayawezi kujitwalia sifa yote. Ni kweli. Vifo vilivyopungua kwa maambukizi ni kazi ya wauguzi na viuavijasumu. Lakini kuacha matibabu hakuponywi kwa kiuavijasumu. Namba ile ya 16 kushuka chini ya moja inahusu nauli, chakula na paa. Kwa upande wetu, watafiti wa Eldoret, Kenya, walipofuatilia watoto waliogundulika na saratani kati ya 2007 na 2009, walikuta takriban nusu wameacha matibabu, na waliokuwa na bima ya afya walimaliza kwa wingi kuliko wasio nayo. Shirika la Afya Duniani linakadiria watoto na vijana 400,000 wanapata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 wanapona, katika nchi nyingi maskini chini ya 30, na lengo lililowekwa mwaka 2018 ni kufikia angalau 60 duniani kote ifikapo 2030. Lengo hilo haliwezi kufikiwa na watoto waliokwisha kuondoka wodini.

Tena Afrika Mashariki haikuhitaji kulisubiri somo hili kutoka Philadelphia. Daktari Denis Burkitt alieleza uvimbe wa taya wa watoto wa Uganda mwaka 1958, na mwaka 1967 kituo cha kuutibu kikafunguliwa Mulago, Kampala, ndicho kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Uvimbe ule hukua kwa kasi ya kutisha na huyeyuka kwa dawa kwa kasi ileile, hivyo hapo pia mtoto aliyeonekana mzima alirudi kwao. Watumishi wa kituo waliwafuata watoto vijijini, nyumba kwa nyumba, kujua nani yuko hai na nani arudi kliniki. Matokeo yaliyoheshimiwa na dunia ya tiba yalitegemea ufuatiliaji huo kama yalivyotegemea dawa. Jijini Dar es Salaam, watoto wenye saratani walihamishwa mwaka 2011 kutoka taasisi ya saratani ya Ocean Road hadi hospitali ya Muhimbili, na shirika la Tumaini la Maisha, ambalo daktari Trish Scanlan kutoka Ayalandi ni mmoja wa waanzilishi wake, limeshirikiana na hospitali ili watoto watibiwe bure na familia zipate malazi katika nyumba iliyopewa jina la Ujasiri. Haina mchekeshaji mlangoni, lakini hoja yake ni ileile.

Wapo wanaosema Mwafrika hahitaji nyumba ya namna hii kwa kuwa ana ukoo. Kila familia ina shemeji mjini. Ukoo ni kweli, na umebeba mizigo ambayo serikali zingeanguka chini yake. Ila ukoo una sheria zake pia, na mojawapo inajulikana na kila mtoto: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Saratani ya damu ni mgeni wa siku mia saba. Chumba kimoja cha kupanga Mbagala, Dar es Salaam, au Kawangware, Nairobi, chenye watu sita, choo cha jumuiya na kikohozi cha majirani si mahali pa mtoto asiye na kinga, hata upendo uwe mwingi kiasi gani. Wengine watasema basi hii ni kazi ya serikali, na kwamba hisani huifunika aibu ya bajeti. Nakubaliana na nusu ya hoja hiyo. Nyumba ya hisani huwafikia wachache, hutegemea hali ya mfadhili, na haimsaidii mtoto ambaye zahanati ya kijijini ilimpa dawa ya malaria mara tatu bila kumpa rufaa. Lakini serikali hailipii kitu isichokihesabu, na hisani, hapa kama kule Mtaa wa Spruce, imekuwa ya kwanza kuhesabu.

Katika wodi nyingi za Afrika Mashariki mama hakuwahi kufukuzwa kama wa London. Yumo daima. Humlisha mtoto, humwogesha, humshika wakati wa sindano, huita muuguzi dripu ikiisha. Usiku hutandika khanga au mkeka sakafuni kati ya vitanda, na alfajiri huukunja na kuusukuma uvunguni kabla ya raundi ya madaktari, ili njia iwe wazi. Hospitali inapoandika idadi ya vitanda vyake mwisho wa mwaka, mkeka ule haumo.